Nyonga za Jumapili

Haya ninayokusimulia ni kweli tupu. Naapa kwa meno yangu tisa yaliyobaki, na kwa kaburi la mke wangu Birungi, ambaye hakupenda uongo na ndiyo maana tuliishi miaka thelathini na minane tukigombana. Mambo mengine niliyowahi kuyasimulia pale Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, kama habari ya mto Nyamwamba kuninyanyua na kitanda changu nikiwa usingizini ukanitua Karusandara bila kulowesha shuka, hayo unaweza kuyapunguza kidogo. Haya usiyapunguze hata nukta.

Naitwa Turyahikayo, mstaafu wa stoo ya mgodi. Pale Bwera wapo wanaoniita Afande, kwa sababu niliwahi kuwaambia nilipigana vita fulani ambavyo siku hizi sivikumbuki vizuri. Kila siku saa tisa alasiri ulikuwa unanikuta barazani kwa Nasifah, fundi cherehani. Mimi na marehemu baba yake tulifanya kazi pamoja mgodini, kwa hiyo chai ya binti yake niliihesabu kuwa urithi wangu.

Nasifah alikuwa na miaka ishirini na saba, mwembamba wa vidole, mpana wa hasira. Alianza kwa kushona gomesi, yale magauni mapana ya heshima yanayofungwa mshipi kiunoni, na sare za shule kama mafundi wote. Kisha siku moja akaja Sarah wa Kyondo, kijiji cha mlimani, mkuu wa kikundi cha wanawake kumi na wawili wanaobebea watalii mizigo huko juu Rwenzori. Akafungua kola ya blauzi akamwonyesha bega. Lilikuwa limechubuka mpaka linatoa maji. Begi alilokuwa akibebea lilikuwa la mwanamume, la mtumba. Nasifah alilichukua lile begi, akatia ndani kilo kumi na tano za mchele, akalivaa, akazunguka soko lote la mpakani na kurudi.

Alirudi macho yamewaka. Mgongo wa begi ulikuwa mrefu, umemgonga kisogo njia nzima. Mikanda ya mabegani ilikuwa imetengana kama nira ya ng'ombe, imemponda kifua. Na ule mkanda wa chini, ambao kazi yake ni kukalia mifupa ya nyonga na kupokea uzito, ulikuwa unaning'inia mapajani kama mkia.

"Hii kitu ilipimwa kwa nani?" aliniuliza.

Nikamwambia ilipimwa kwa mwanamume.

"Basi abebe yeye."

Kwa miezi saba alikata na kufumua. Aliufupisha mgongo wa begi. Mikanda ya mabegani aliisogeza karibu na shingo, akaipinda ipite pembeni mwa matiti badala ya kuyakanyaga. Mkanda wa nyonga aliutia sponji pande zote mbili na kuushonea mfuko mdogo wa zipu, mwanamke atoe vitu vyake vya mwezi bila kumwaga begi zima mbele ya wanaume. Juu kabisa alitia pete mbili za chuma za kufungia mkanda wa kichwani, maana mwanamke wa Kikonzo, mzaliwa wa milima hii, hata umpe begi la namna gani, mlima ukizidi atataka kusaidiwa na paji lake la uso.

Hamim aliingia katika habari hii akileta turubai la kushonea mabegi. Alikuwa kijana wa Kasese, upande wa Nyamwamba, mwenye lori dogo la bluu: anapeleka simenti mpakani, anarudi na kahawa ya milimani. Siku ya kwanza Nasifah alimvalisha begi ili aone mishono inavyovutika. Hamim akalalamika kwamba linambana kwapani.

"Vizuri," Nasifah alimwambia. "Si lako."

Nilikuwepo. Niliuona uso wa yule kijana. Ulikuwa uso wa mtu aliyefungiwa mlango, kisha akagundua kwamba anaupenda huo mlango. Tangu siku hiyo turubai likawa linaletwa hata lisipoagizwa. Posa ikapokelewa, sanduku la bibi harusi likaletwa na kuwekwa nyuma ya pazia, kule wateja wanakojaribia nguo, na nikaha ikapangwa Jumapili moja, miezi miwili mbele. Nasifah alikuwa akilisikia lori la Hamim tangu kwenye kona ya chini, akanyoosha kitambaa chake kichwani akidhani simwoni.

Sasa sikiliza kosa lilipoingia. Wakati wa kuwapima wale wanawake wa Kyondo ulipofika, mama yake Nasifah aliugua Karusandara, na binti akaenda kumuuguza wiki mbili. Hamim, ambaye lori lake lilipanda Kyondo kila Alhamisi kuchukua kahawa, akamwambia amwachie yeye. Nasifah alimkabidhi tepu na masharti. Wanawake wapimane wenyewe, yeye ageuke mgongo kwa heshima na aandike tu. Wapimwe Alhamisi wakishuka mlimani, wakiwa na zile suruali wanazopandia.

"Usiniletee kipimo cha nguo," alimwambia. "Niletee kipimo cha mtu. Na usitume mtu. Simama wewe."

Hamim akaapa. Nasifah aliporudi alikuta karatasi yenye majina kumi na mawili na namba zake. Akamuuliza, ulisimama? Hamim alikuwa amemshika mkono. Akasema, nilisimama. Basi Nasifah akashona mabegi kumi na mawili, yakapandishwa Kyondo.

Ile Jumanne ya soko nilikuwa na kikombe changu cha pili nilipomwona Sarah, na suruali yake ya mlimani, akishuka kwenye bodaboda, mabegi yamefungwa kwa kamba nyuma yake kama mbuzi wa kuuzwa. Niliinuka, nikaingia nyuma ya pazia na kikombe changu, nikaketi juu ya lile sanduku. Utaniuliza kwa nini. Nipe muda, nitakujibu nikishakusanya ujasiri. Pazia lilikuwa na tundu lililochomwa na pasi, kubwa la kutosha jicho moja.

Sarah aliyamwaga mabegi juu ya meza ya kukatia. Kiswahili chake ni cha watu wanaovuka daraja kwenda Kongo asubuhi na kurudi jioni.

"Dada Nasifah, begi zako ni hizi, zote kumi na mbili. Wamama beko na hasira, na mimi niko na hasira kuwashinda."

"Imefanya nini?"

"Hii mukanda ya nyonga. Unavuta, unavuta, sponji mbili zinakutana kwa tumbo, hakuna tena kitu ya kuvuta. Inateleza mupaka kwa mapaja. Muzigo yote inarudi kwa mabega, sawa ile ya zamani. Mudogo wangu ameanguka kwa matope, muguu imevimba sawa papai."

Kisha akasema lililouma zaidi. Mkubwa wa wapagazi wanaume alikuwa amecheka mbele ya wageni, akasema begi ni begi, na kwamba safari ya mwisho wa mwezi wanawake watarudia mabegi ya wanaume au wabaki nyumbani. Wanawake kumi na wawili, kazi yao ilikuwa inaning'inia kwenye mkanda uliolegea.

Nasifah alichukua tepu, akamzungushia Sarah nyonga, akasoma. Akaitazama ile karatasi ya vipimo iliyobandikwa ukutani. Akapima tena. Hasira yake ndivyo ilivyo, inafunga mdomo kwanza. Sarah akasema anakwenda duka la dawa kumtafutia mdogo wake dawa ya kuchua, atarudi waongee, akatoka.

Hakufika hata kona lori la bluu likasimama. Hamim alishuka upande mmoja, na upande wa pili akashuka mama yake, Hajati Aidah, amekuja kuiona nguo ya nikaha. Hamim alikuwa anatabasamu. Lile tabasamu liliingia ndani likakosa pa kukaa.

"Hamim," Nasifah alisema, "ile siku ya kupima Kyondo. Ulisimama?"

"Si tulishaongea hiyo?"

"Tuongee tena."

"Nilisimama."

"Walikuwa wamevaa nini?"

"Suruali. Si ulisema suruali?"

"Rangi gani?"

"Nasifah, mwezi umepita. Na mimi niligeuka mgongo vile ulitaka."

Nasifah alivuta tepu juu ya meza mbele yake, akaweka kidole. "Hii ni Sarah, nimempima saa hii. Thelathini na tisa. Karatasi yako inasema arobaini na sita. Nyonga ya mtu haipandi na kushuka kama bei ya kahawa. Hapo kuna inchi saba. Niambie zimeenda wapi."

Hamim alikitazama kile kidole, si namba. Aliyekuwa na jibu ni mama yake. Hajati Aidah alikuwa ameketi kwenye kiti changu, akaanza kwa sauti ya upole ambayo haikuwa na upole wowote ndani. Alisema tangu mwanzo aliona. Fundi wa gomesi ni sawa, fundi wa nguo za harusi ni baraka. Lakini binti huyu anashonea wanawake wanaovaa suruali na kulala kwenye mahema kule kwenye barafu pamoja na wanaume wa watu, na leo anamsimamisha mwanawe barazani, siku ya soko, kumuuliza habari za makalio ya wapagazi.

"Inchi saba," akamaliza. "Begi ni begi, bambi, maskini. Kesho utasema na wewe unapanda mlima kulijaribu."

"Nitapanda, Hajati," alisema Nasifah.

"Unamsikia, Hamim?"

"Namsikia, Mama. Na begi si begi." Hamim alisema bila kugeuza uso. "Mgongo wa mwanamke ni mfupi. Ukimpa la mwanamume, linamgonga kisogo kila hatua. Uzito lazima ukae kwa mfupa wa nyonga, si kwa bega, na nyonga yake imekaa kwa mshazari, ndiyo maana huo mkanda umekatwa kwa kupinda. Ukikaa juu sana unabana tumbo, ukikaa chini anashindwa kuinua mguu. Kidole kimoja tu kikipungua, mtu anaanguka. Hii ni kazi, Mama, usiidharau."

Mimi niliyekuwa nyuma ya tundu la pasi niliona alichokiona Hamim, kwa sababu Nasifah aliinua macho. Alimtazama kwa muda ambao chai ingeweza kupoa. Nikadhani, haya, yamekwisha. Sikuwa nimeijua bado hasira ya mwanamke anayependa.

"Unayajua yote hayo," alisema polepole.

"Wewe ulinifundisha."

"Basi ungekuwa mjinga ningekusamehe."

Hamim akapangusa uso kwa kiganja. "Sikwenda," alisema. "Ile wiki nilipata mzigo wa simenti Kasese, nikaona siwezi kuuacha, kuna harusi mbele. Nilituma mtu. Akaniletea karatasi, akaniambia kila kitu kilikwenda sawa."

"Mtu gani?"

"Mtu."

"Ana jina?"

"Kosa ni langu, Nasifah. Jina lake halitakusaidia."

Nyuma ya pazia nikakikamata kikombe kwa mikono miwili.

"Sikuulizi kwa sababu ya sponji," alisema Nasifah, na sasa sauti ilikuwa imepanda, wauza nyanya wa upande wa pili wamegeuka. "Sponji nitakata, nitashona tena. Nilikuuliza mara ya kwanza ukiwa umenishika mkono, huu hapa, ukasema nilisimama. Leo nimekuuliza mbele ya mama yako, ukasema nilisimama. Mimi nitaishi na wewe. Nitakuuliza mtoto amekunywa dawa? Utasema amekunywa. Nitakuuliza uko wapi usiku? Utasema uko njiani. Nitajuaje, Hamim? Nitatembea na tepu nyumba nzima nikikupima?"

"Niliogopa uso wako."

"Huu ndio uso wangu. Utazame vizuri." Akageuka kwa Hajati, akapiga goti kidogo kama adabu inavyotaka, na machozi hayakumzuia kusema. "Mama Hajati, sanduku lenu liko nyuma ya pazia. Muondoke nalo."

Hamim alimtazama kama dereva aliyesimama kando ya barabara akiona lori lake linateremka mlima bila breki, na yeye yuko nje. Hakusogea. Hakumgusa. Hajati alikuwa ameshasimama, tayari kwa kupokea.

Nasifah akalivuta pazia.

Nilikuwa pale, juu ya sanduku la bibi harusi, kikombe mapajani, jicho moja bado liko usawa wa tundu ambalo halikuwepo tena.

"Mzee Turya. Unafanya nini hapo?"

Nikamjibu kwamba nalinda mali. Siku za soko, nikasema, wezi wa masanduku huvuka mpaka kwa makundi, na mimi kama askari wa zamani niliona ni wajibu. Nadhani ningefika mbali, maana niliona Hajati anaanza kunisadiki. Lakini mlangoni paliziba kivuli, na Sarah akaingia na chupa yake ya dawa.

"Kumbe huyu iko hapa," alisema. "Afande, simama."

Nikasimama. Sijui kwa nini. Labda nilikuwa kweli jeshini.

"Huyu ndiye muzee alikuja kutupima," Sarah akamwambia Nasifah. "Jumapili. Tunatoka kanisani, tunamukuta kwa senta, pale kwa maduka, amekaa kwa benchi na soda, na tepu kwa shingo. Wote beko na gomesi. Nikamuuliza, muzee, twende nyumbani tuvae suruali? Akasema hapana, fundi anataka vile muko. Basi tukapimana vile tuko."

Nasifah akafumba macho. Kwa miaka tisa alikuwa ameshona gomesi, hakuhitaji kuelezwa. Kama wewe ni mwanamume na hujawahi kuoa, nikuambie: mwanamke hafungi gomesi juu ya mwili mtupu. Ndani anazungusha kikoi, wengine viwili, na aliye mwembamba akienda kanisani mahali penye wakwe anaweza kuzungusha vitatu, nyonga zijae, mshipi ukae vizuri, watu waone mama ameshiba. Nilikuwa nimemletea nyonga za Jumapili, na yeye akazishonea mlima.

"Ulitumwa Alhamisi," Hamim aliniambia taratibu. "Ukaniambia ulipanda Alhamisi. Ukasema suruali zao zilikuwa na matope."

Nilianza kueleza habari ya chui. Siku ile ya Alhamisi, nikasema, chui wa ukubwa wa ndama alikuwa amelala katikati ya njia ya kupandia Kyondo, mkia upande huu, kichwa upande ule, na mimi mikononi sina kitu ila tepu.

"Hiyo chui," alisema Sarah, "ndiyo ilikuwa inacheza omweso, ile bao ya kete, kwa duka ya Fred hapa chini mupaka jioni? Bwana yangu alikuona. Anasema ulikuwa unashinda."

Nilikuwa ninashinda kweli. Na mlima wa Kyondo ni mkali kwa magoti ya mstaafu. Jumapili nilipata mtu wa kunipandisha kwa pikipiki mpaka senta, nikasema nyonga ni nyonga. Hayo ndiyo niliyoyakalia nyuma ya pazia. Sasa umejua.

Nasifah alinitazama, na ningeona afadhali anitukane. Kisha akamgeukia Hamim.

"Kwa nini hukumtaja?"

"Ni rafiki ya marehemu baba yako. Anakunywa chai yako kila siku. Ningemtaja, ungempoteza yeye, na mimi ungenipoteza tu vilevile."

Nasifah alikuwa amekunja ile tepu kwenye ngumi mpaka vidole vikawa vyeupe.

"Hiyo haifuti uongo," alisema mwishowe.

"Najua."

Hajati alishika mpini mmoja wa sanduku, akamwamuru mwanawe ashike wa pili waende zao. Hamim alimwomba radhi, akamwambia sanduku hili alilipokea Nasifah kwa mikono yake, na halitatoka ila kwa mikono yake. Mama yake alilia kwamba amelogwa. Hamim hakubisha.

"Likae hapo," alisema Nasifah. "Ya sanduku nitayajibu baadaye. Kuna wanawake kumi na wawili mbele yenu." Kisha akaninyooshea mkono. "Na wewe, mzee wangu. Utafumua hiyo mikanda kwa wembe, yote ila mmoja. Hapo barazani, si nyuma ya pazia, watu waone na waulize, na ukiulizwa useme kweli. Alhamisi utapanda Kyondo tukapime upya. Utapanda na begi litakalobaki, kilo kumi na tano, na mkanda huohuo uliotupimia."

Hamim akasema atanipandisha kwa lori.

"Kwa miguu," alisema Nasifah.

Jumatano nilifumua. Ni kazi mbaya. Mshono wa Nasifah ni mara tatu, unarudi na kurudi, na kila mpita njia wa Bwera alikuwa na swali. Nilijibu kweli mara thelathini na kitu, na kila mara ilinikwaruza koo. Saa nne hivi lori la bluu likasimama. Hamim hakuingia ndani. Alivuta kigoda akaketi kando yangu, akachukua wembe na mkanda. Nasifah alikuwa kwenye cherehani, mgongo kwetu. Mguu wake ulisimama juu ya pedali. Kisha akasema bila kugeuka:

"Kata uzi. Usikate kitambaa."

Hayo tu ndiyo aliyomwambia siku nzima. Hamim alifumua mikanda saba. Mimi minne.

Alhamisi tukapanda. Sitakuambia kuhusu chui, hakukuwa na chui. Kulikuwa na mwinuko uliosimama wima kama ukuta wa kanisa, migomba pande mbili, na begi. Hatua mia za kwanza nilijiona kijana. Hatua mia mbili, mkanda ukaanza safari yake kwenda chini. Nikauvuta, sponji zikakutana tumboni, hakuna pa kuvuta tena. Uzito wote ukapanda mabegani na kuketi. Kila jiwe nililokanyaga, begi lilinivuta nyuma kama mtu ananidai. Wanawake wenye vikapu vya kahawa walinipita wakipanda, mikanda kwenye paji la uso, wakanisalimia kwa heshima, na nikasikia wanavyocheka wakishapinda kona. Nasifah alitangulia mbele yangu amevaa suruali chini ya gauni lake. Hamim alikuja nyuma yetu, hatua ishirini, bila kualikwa. Mara mbili niliteleza, na mara zote mbili mkono wake ulikuwa chini ya begi kabla sijaanguka. Nasifah aligeuka mara zote mbili. Hakuwa ananitazama mimi.

Wale wanawake walikuwa wamekusanyika nyuma ya nyumba ya Sarah, wametoka mlimani, suruali zina matope kweli. Nilipoinua mkono nifungue mkanda nitue, Sarah akasema bado.

Hamim hakusubiri kuambiwa. Alisimama penye kona ya nyumba, akawapa mgongo, akatazama mashamba yanayoshuka mpaka bonde la chini, akatoa kalamu. Nasifah na Sarah wakapima. Nasifah alisoma namba kwa sauti ya fundi anayegombeza, na Hamim akazirudia moja moja kabla ya kuandika. Thelathini na nane. Thelathini na nane. Arobaini na nusu. Arobaini na nusu. Jua lilimpiga usoni, nzi akamtembelea shingoni, hakugeuka hata kumfukuza. Wanawake waliona. Mmoja akasema jambo kwa Kikonzo, wote wakacheka, na Nasifah akawaambia wanyamaze, wasimame wima.

"Kumi na mbili zimetimia," alisema Hamim.

"Andika ya kumi na tatu," alisema Nasifah.

Nikasikia tepu inazungushwa. Safari hii aliyesoma ni Sarah. "Thelathini na saba."

"Thelathini na saba," Hamim akarudia. "Jina?"

Kuku walikuwa wanaparua kwenye migomba.

"Unalijua," alisema Nasifah.

Kalamu ilisimama juu ya karatasi. Niliona shingo ya yule kijana inataka kugeuka, mshipa mmoja mmoja, kama ng'ombe anayevutwa kamba.

"Usigeuke," Nasifah alimwambia, na moto ulikuwa bado umo kwenye sauti yake. "Mgongo haujapimwa."

"Sijageuka," alisema Hamim. "Niko hapa."

"Basi ubaki hapo."

Nikauliza, kwa adabu zote, kama sasa naweza kutua mzigo. Wanawake kumi na watatu wakanijibu kwa pamoja kwamba bado.